Zeibekiko haichezwi kwa mstari

SWALI: Kikundi chetu kinaandaa zeibekiko, dansi ya Kigiriki, jukwaani, wachezaji sita wakiwa wameshikana mabega. Kila mara tunaachana na muziki, na waliotazama mazoezi wanasema hawaoni hisia yoyote. Tatizo nini?

JIBU: Tatizo la kwanza ni huo mstari. Kushikana mabega ni kwa dansi nyingine za Kigiriki: hasapiko, na sirtaki iliyobuniwa kwa ajili ya filamu mwaka 1964. Zeibekiko ni ya mtu mmoja. Ilipata nguvu Ugiriki baada ya 1922, wakimbizi kutoka Asia Ndogo (Uturuki ya leo) walipofurika Athens na bandari yake, Piraeus, ikachezwa kwa nyimbo za rebetiko zinazolia umaskini, jela na mapenzi yaliyovunjika. Anayeinuka kucheza anatua mzigo wake mwenyewe, na hakuna hatua za kukariri.

Kuachana na muziki kunatokana na hesabu. Mdundo una mapigo 9, nanyi bila shaka mnahesabu 8 kwa mazoea ya muziki wa mapigo manne-manne. Pigo moja likipotea, mzunguko unaofuata mguu umeshatangulia ngoma. Kabla ya kunyanyua mguu, pigeni makofi mkitamka: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Yale matatu ya mwisho msiyajaze hatua. Hapo ndipo mchezaji anapositasita, anapepesuka kidogo, kisha anajirudisha, na hapo ndipo uchungu unapoonekana.

Magoti yalegee, mikono itandazwe karibu na usawa wa mabega, macho yatazame chini, na mwili uzunguke duara dogo. Kuchutama na kugusa sakafu kwa kiganja kunafaa wimbo unapokuwa mzito, mara moja au mbili tu. Wengi huanza na sarakasi: wanaruka, wanazunguka mpaka kizunguzungu, wanatabasamu kwa watazamaji. Mkifanya hivyo mmeiua.

SWALI: Wanawake je, wanaruhusiwa?

JIBU: Zamani ilikuwa ya wanaume. Siku hizi wanawake wanaicheza, tena vizuri sana.

SWALI: Basi hao sita tuwapange vipi?

JIBU: Mmoja acheze, watano wapige goti kumzunguka na kupiga makofi kwa mdundo. Asiingie mtu mpaka wimbo wake uishe. Kwenye taverna (migahawa ya Kigiriki) za zamani mtu aliagiza wimbo wake kwa wanamuziki, na kuuingilia kulikuwa tusi lililoweza kuzua ugomvi wa visu. Wimbo ukiisha, arudi kwenye duara bila kuinamia watazamaji, anayefuata asimame.