Mama yuko Nyarugusu, ana sukari na presha: nimtumie dawa kutoka Marekani?

Ndugu, usitume. Kabla ya kuja huku nilikuwa mhamasishaji wa afya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, na vifurushi vya namna hiyo nimeviona vikifika. Kidonge cha sukari ambacho Marekani kinaandikwa glyburide, kule ndicho glibenclamide. Dawa ile ile. Mzee anamimina vyote kwenye kopo moja la Blue Band, anameza cha kliniki na cha mtoto wake, jioni jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka. Majirani wanasema karogwa, kumbe sukari imeshuka.

Unasema mama anameza dawa siku akijisikia vibaya tu. Kabla hujamgombeza, muulize amekula nini. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa kambi za Kigoma ulipunguzwa hadi nusu, na kutoka nje kutafuta kibarua bila kibali hairuhusiwi. Anayeshinda na njaa akiogopa glibenclamide ana haki ya kuogopa. Kidonge kile kinataka chakula. Shida ni kwamba akiruka hicho anaruka vyote. Amlodipine ya presha haisubiri ugali: kila siku, umekula hujala, kichwa kinauma hakiumi. Presha hunyamaza mpaka siku ya kiharusi. Metformin, dawa nyingine ya sukari, inasumbua tumbo likiwa tupu, kwa hiyo aimeze na chakula.

Haya yote akayaseme kliniki: "Nakula mara moja kwa siku." Daktari akijua anaweza kumpangia upya dawa. Lakini wazee wetu wanaona aibu, kila wakiulizwa wanaitikia tu ndiyo, na dawa zikikaribia kwisha wanakata kidonge nusu au wanaazima kwa jirani.

Mwambie aliye karibu naye apige picha daftari lake la kliniki na bahasha za dawa, akutumie WhatsApp. Vidonge vibaki kwenye bahasha zake. Kama 1x2 (kidonge kimoja mara mbili kwa siku) haimwambii kitu, wachore jua kwa cha asubuhi, mwezi kwa cha usiku. Sisi tulifanya hivyo na bibi zetu walielewa haraka kuliko maelezo yetu marefu. Hela ambayo ungenunulia dawa, mtumie anunue maharage na dagaa.

Hukusema kama anachoma insulini. Kama anachoma, niandikie hapa chini, maana friji kule ni shida na kuna namna ya kuitunza kwa chungu na mchanga wenye maji.