Kocha anasema binti ana kipaji cha ski, lakini bei!

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Arusha ila tunaishi Minnesota. Binti yangu ana miaka 9, shule iliwapeleka kujifunza ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, akapenda mpaka anaota usiku. Sasa kocha anasema ajiunge na timu ya mashindano. Nimeona bei nikashika kichwa, mume wangu anasema huo mchezo wa matajiri tuachane nao. Nikope?

JIBU: Marahaba mama. Usikope, na mtoto usimtoe pia, maana kwa umri wake ile gharama yenyewe bado haijafika.

Mumeo hajakosea lakini. Mtoto akishakua anahitaji ski fupi za slalom (mbio za kona za karibu karibu) na nyingine ndefu za giant slalom (kona za mbali mbali), na kila akirefuka unanunua tena, bado buti, helmeti, nta ya kupaka chini ya ski, tiketi za lifti, ada ya kila shindano, hoteli na mafuta ya gari. Akifika 16 anaanza kusaka pointi za FIS, shirikisho la ski la dunia, hapo ni safari za jimbo kwa jimbo na wengine mpaka Ulaya, na wakati wa joto wenye hela wanaifuata theluji Chile au New Zealand. Shule kama Burke kule Vermont, aliyosoma bingwa wa Olimpiki Mikaela Shiffrin, ada ya bweni inapita dola 50,000 kwa mwaka. Mimi hili linaniuma kweli, watoto wangapi wazuri wanaishia njiani sababu tu mzazi hana hizo hela!

Ila kwa miaka 9, mama, uko sehemu nzuri sana. Lindsey Vonn, naye bingwa wa Olimpiki, alianzia hapo hapo Minnesota, Buck Hill, kilima kisichofika hata mita 100, chini ya kocha Erich Sailer. Kamba inakuvuta juu, unashuka kwenye mageti (vijiti vya kuonyesha njia ya mbio), unarudi tena, jioni moja mtoto anashuka mara nyingi kuliko anayekaa kwenye lifti ndefu ya mlima mkubwa. Kweli baadaye familia yake ilihamia Colorado kwa ajili ya ski, ila msingi aliujenga kilimani pale.

Na usikubali kuambiwa lazima asafiri sasa hivi la sivyo atachelewa. Norway hawaruhusu kupanga watoto nani wa kwanza nani wa mwisho mpaka wafike miaka 11, na ubingwa wa taifa mpaka 13, halafu Olimpiki ya baridi ya Beijing 2022 wakabeba dhahabu 16.

Vifaa chukua mitumba, klabu nyingi zinauziana mwezi wa 10 na wa 11 kabla msimu haujaanza, na usione aibu kabisa, hata wenye hela wananunua hapo. Ulizia pia National Brotherhood of Skiers, umoja wa klabu za Wamarekani weusi ulioanza 1973, wanachangia vijana weusi wanaoshindana.

Kabla ya kusaini chochote mwambie kocha akuandikie gharama zote za msimu mzima, safari zikiwemo, na umuulize klabu ina msaada gani wa ada na kama mzazi akijitolea kusimamia mageti siku ya mashindano anapunguziwa. Hiyo karatasi mkae nayo mezani wewe na baba yake.