Re: Anaongoza ligi, kombe anabeba mwingine?

Mkuu, uliuliza kwa nini ligi ya futsal (soka la ndani la watano kwa watano) ya Hispania anayemaliza kileleni hapewi kombe hapo hapo. Ni hivi: timu zipo 16, wanacheza nyumbani na ugenini, kisha 8 bora wanaingia mtoano. Bingwa anatoka huko. Ukiteleza kwenye mtoano, pointi zako zote unabaki kuzihadithia tu.

Ndiyo maana 2024 timu ya Cartagena walibeba ubingwa wao wa kwanza mbele ya vigogo kama Barcelona. Kichekesho ni Palma, timu nyingine ya huko: kombe la klabu bingwa Ulaya wamechukua mara tatu mfululizo, 2023 hadi 2025, lakini ligi ya kwao hadi hapo ilikuwa inawapiga chenga.

Halafu usishangae jina la timu ya ElPozo Murcia. ElPozo ni jina la kampuni ya nyama.