Maswali ya wasomaji: mwaka 1856

Niliandika hapa, kwa kupita tu, kwamba Seyyid Said, sultani wa Unguja na Maskati (Omani), alifariki mwaka 1856. Kumbe wengi mlitaka kujua mengine ya mwaka huo. Nimechagua maswali matano.

Mwalimu, babu yangu husema Seyyid Said hakufia Unguja wala Maskati. Ni kweli? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli, babu yuko sahihi. Seyyid Said bin Sultan alifia baharini tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya marikebu yake Victoria, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati kurudi Unguja. Mwanawe Barghash alikuwa naye chomboni. Anayefia safarini mbali na nchi kavu huzikwa baharini, lakini Barghash hakukubali. Alimleta baba yake hadi Unguja, akamzika usiku, kimyakimya, akitaka kushika madaraka kabla kaka yake Majid hajajipanga. Hakupata watu wa kutosha, na Majid ndiye aliyekalia kiti.

Lakini Thuwaini, ndugu yao aliyekuwa akitawala Maskati, alidai Unguja nayo ni haki yake. Mwaka 1859 alituma askari kwa vyombo, Waingereza wakawarudisha njiani. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, akakata shauri: Maskati kwa Thuwaini, Unguja kwa Majid, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Canning huyo alishika wadhifa wake Februari 1856, miezi minane tu kabla ya msiba. Mirathi ya nyumba moja ikaamuliwa na mgeni mwenye manowari. Kila nikilisoma jambo hili linaniuma.

Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba msichana mmoja wa Afrika Kusini aliwaangamiza watu wake kwa uongo. Iliwezekanaje? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba, mwanangu. Msichana huyo ni Nongqawuse, Mxhosa, na umri wake ulikuwa kama miaka 15. Mwaka 1856, karibu na mlango wa mto Gxarha, alisema amekutana na watu wageni waliompa ujumbe wa mizimu: chinjeni ng'ombe wote, teketezeni nafaka, msilime, na wafu watafufuka na mifugo mipya yenye afya.

Sasa tazama hali waliyokuwa nayo. Tangu 1853 ng'ombe walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa mapafu ulioingia na ng'ombe kutoka Ulaya. Mwaka huohuo wa 1853 Waxhosa walikuwa wametoka kushindwa katika vita vya nane dhidi ya wazungu, na ardhi ilikuwa ikimegwa kila kukicha. Gavana wa Kiingereza aliyewamaliza katika vita hivyo aliitwa Cathcart. Baadaye alipelekwa Krimea, kwenye Bahari Nyeusi, kupigana na Warusi, akauawa huko Novemba 1854. Habari ilipowafikia Waxhosa, ikavuma kwamba Warusi hao ni watu weusi, mizimu ya mashujaa wao, na wako njiani kuja kuwaokoa. Wanaodhani Afrika ya wakati ule ilikuwa imejifungia, haisikii ya dunia, na waifikirie habari hii.

Mfalme Sarhili aliamini, akaamuru watu wachinje. Si wote waliotii, lakini ng'ombe wapatao 400,000 walichinjwa. Siku ya ahadi, Februari 1857, jua lilichomoza na kuzama kama kawaida. Watu wapatao 40,000 walikufa kwa njaa. Gavana George Grey akaitumia njaa hiyo: walionusurika wakapelekwa kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na ardhi yao ikagawiwa wengine. Kwa hiyo usimtwike mtoto yule mzigo wote. Katika kisa hiki wamo wakubwa wengi.

Vita hivyo vya Krimea vilikwisha lini? (Msomaji, Nakuru)

Vilikwisha mwaka huohuo, kwa mkataba wa Paris wa tarehe 30 Machi 1856. Urusi ilikuwa imepigana na Uturuki, Uingereza, Ufaransa na Sardinia. Ikakatazwa kuweka manowari katika Bahari Nyeusi. Uingereza haikukaa na amani muda mrefu. Tarehe 8 Oktoba maofisa wa China huko Guangzhou waliwakamata mabaharia 12 wa chombo kiitwacho Arrow, kwa tuhuma za uharamia. Waingereza wakadai ni chombo chao, ingawa usajili wake wa Hong Kong, koloni lao, ulikuwa umekwisha muda. Kabla mwezi haujaisha wakaanza kuupiga mji mizinga, na hivyo ndivyo vilivyoanza vita vya pili vya afyuni.

Ni kweli rangi ya kwanza ya kiwandani ilipatikana kwa bahati wakati mtu akitafuta dawa ya malaria? (Msomaji, Bukoba)

Kweli. William Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alikuwa nyumbani likizo ya Pasaka ya 1856 akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Akapata uchafu mweusi, na alipousafisha kwa spiriti ukatoa zambarau iliyong'ang'ania kwenye hariri. Akaacha masomo, akafungua kiwanda. Kwinini ikaendelea kutoka kwenye magome ya mti kwa miaka mingi, na sisi wa nchi za mbu tukaendelea kuingoja.

Na mifupa ya binadamu wa kale wa Ujerumani ilipatikana lini na wapi? (Msomaji, Morogoro)

Agosti 1856, katika bonde la Neander karibu na Düsseldorf. Wachimba chokaa waliitupa nje ya pango pamoja na udongo, ikadhaniwa ni ya dubu. Mwalimu wa shule, Johann Carl Fuhlrott, ndiye aliyeitazama vizuri na kusema ni ya mtu. Leo iko katika jumba la makumbusho mjini Bonn.