Mtungi upimwe kabla hujalipa

Mwaka jana nilinunua mtungi wa gesi wa kilo 6 katika duka moja hapa Mwanza, nikaupeleka nyumbani Mabatini. Wanaoijua milima yetu wanajua: bodaboda anakushusha pale mawe yanapoanza, kilichobaki ni bega lako. Kwa kawaida mtungi huo tunakaa nao wiki tatu, watu watano, chai, mboga na samaki wa kukaanga. Safari ile, siku ya kumi na sita moto ukazima ugali ukiwa mbichi.

Nilimlaumu shemeji na chai zake za kila saa. Mtungi uliofuata nikaupitisha Mwaloni Kirumba, kwa mama mmoja anayeuza dagaa, nikaomba mzani wake. Pale juu unaposhikia mtungi kuna namba imegongwa kwenye chuma: ni uzito wa mtungi mtupu. Wangu ulikuwa 7.6. Ukiongeza gesi kilo 6, mzani ulitakiwa usome 13.6. Ukasoma 12.1, na lakiri yake nzima kabisa!

"Baba, mimi nikipunja dagaa hivyo, soko zima litanizomea," mama akasema.

Dukani walinibadilishia bila ubishi, na hapo ndipo nilipozidi kushuka moyo. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inataka muuzaji awe na mzani, kwa hiyo akikuambia hana, nenda duka la pili.

Jambo jingine ni ule mpira mdogo kwenye mdomo wa mtungi, reguleta inapokaa. Wetu ulipasuka, alfajiri tukaamka na harufu. Gesi yenyewe, mchanganyiko wa propani na butani, haina harufu. Wanaitia kitu kinachonuka makusudi ili utoke mbio. Usiwashe taa wala usizime. Funga mtungi, fungua mlango. Baadaye paka povu la sabuni kwenye maungio: panapovuja patatoa mapovu. Kiberiti usikiguse.

Na gesi hii ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inatuama. Jiko letu lilikuwa na dirisha juu karibu na dari, na kizingiti kirefu mlangoni, yaani karai kamili. Nimetoboa tundu chini ya ukuta wa nje, nikaweka wavu kwa sababu ya panya.

Kuna fundi wa magari Igoma aliyetaka kuniungia mtungi wa nyumbani kwenye Passo yangu, eti bajaji za Dar zinatumia gesi. Zile zinatumia gesi asilia, iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa bar 200 hivi, zaidi ya mara ishirini ya ule wa mtungi wa jikoni. Ni kweli Uturuki, Italia na Poland magari mengi yanatembelea gesi kama yetu ya kupikia, lakini yana tangi lake, lenye vali inayozuia kujaza zaidi ya asilimia 80 ili gesi ipate nafasi ya kutanuka juani. Mtungi wa jikoni kwenye buti, barabara ya Igoma na matuta yake? Hapana, fundi.

Passo bado inakunywa petroli. Na maharage mama mkwe bado anayapikia mkaa uani. Nilimwambia ayaloweke usiku yaive upesi kwenye gesi, akaniuliza nimejifunza kupika lini.