Taja Njia Kwanza: Kujiandaa na Kalkulasi ya Kidato cha Sita

Wapo wanafunzi wa PCM, PGM na EGM (michepuo yenye Hisabati ya Juu) wanaofika Februari wakiwa na madaftari matatu yaliyojaa maswali waliyokwisha kuyasolvu, na bado swali jipya likija linawagomea. Hao si wavivu. Wamepiga msuli, tena sana. Kinachowaangusha ni kwamba kila swali walilifanya wakijua tayari limetoka mada gani. Zoezi likiandikwa juu yake "integresheni kwa vipande" (integration by parts), maswali yote 15 yatakuwa ya vipande, na mkono utakimbia bila kichwa kuulizwa lolote. Karatasi ya mtihani haiandiki kichwa cha habari juu ya swali.

Kwa hiyo ukiwa Ndanda, Masasi, Nachingwea au Lindi mjini, na Mei inasogea, anza na zoezi hili kabla ya jingine lolote. Kusanya maswali 20 ya integresheni kutoka mitihani ya miaka tofauti. Andika kila moja kwenye kikaratasi chake, uvichanganye kama karata. Weka saa dakika 10. Kwa kila kikaratasi andika njia tu: kuweka u (substitution), vipande, kupasua sehemu (partial fractions), kugawanya kwanza, kanuni za trigonometria. Usisolvu hata kimoja. Muda ukiisha, sahihisha, kisha solvu yale tu uliyokosea njia. Mara 2 kwa wiki inatosha. Anayekosea 9 wiki ya kwanza si ajabu. Akiendelea kukosea 9 wiki ya nne, arudi kwenye mada yenyewe na mwalimu wake, maana hapo tatizo si mazoezi.

Ili uone kwa nini uchaguzi wa njia ndio kazi kubwa, tazama x² + 4 ikikaa chini ya mstari. Swali likiwa ∫ x/(x² + 4) dx, juu kuna nusu ya derivativu ya chini, kwa hiyo jibu ni ½ ln(x² + 4) + c. Ondoa x ya juu uweke 1, na logi imeondoka kabisa: sasa jibu ni ½ tan⁻¹(x/2) + c. Weka x² juu, na hapo kipeo cha juu kimelingana na cha chini, lazima ugawanye kwanza upate 1 − 4/(x² + 4), na jibu ni x − 2 tan⁻¹(x/2) + c. Rudisha 1 juu, geuza jumlisha iwe kutoa, yaani 1/(x² − 4), na sehemu inapasuka mbili: ¼ ln|(x − 2)/(x + 2)| + c. Funika x² + 4 kwa kipeuo cha pili, 1/√(x² + 4), na jibu ni sinh⁻¹(x/2) + c. Maswali matano yanafanana kama ndugu wa tumbo moja, na kila moja lina mlango wake.

Kosa linalojirudia kuliko yote hapa ni kuandika ln(x² + 4) kwa ∫ 1/(x² + 4) dx. Mwanafunzi amekariri kwamba "moja juu ya kitu ni logi ya kitu", akasahau kwamba derivativu ya hicho kitu lazima iwepo juu. Dawa yake haizidi sekunde 20: chukua jibu lako ulidifrenshieti. Ukidifrenshieti ln(x² + 4) unapata 2x/(x² + 4), na hiyo 2x haikuwepo kwenye swali. Fanya hivi kwa kila integresheni isiyo na mipaka, hata unapojiamini.

Yenye mipaka ina mtego mwingine. Ukiweka u, mipaka nayo inabadilika. Kwa ∫ x/(x² + 4) dx kutoka 0 hadi 2, ukiweka u = x² + 4, mipaka mipya ni 4 na 8, na jibu ni ½ ln 2, karibu 0.347. Ukiacha 0 na 2 utakutana na ln 0, na angalau hapo kosa litapiga kelele. Mara nyingi halipigi kelele. Linakupa namba ya kawaida tu, unaipigia mistari miwili chini na kuendelea. Andika mipaka mipya palepale unapoandika du, usingoje mwisho.

Kwenye difrensiesheni, maswali ya kasi ya badiliko ndiyo yanayotisha, na bila sababu. Chukua korosho zinazomwagwa ghalani, lundo likijengeka kwa umbo la pia. Tuseme nusu kipenyo cha kitako ni mara 2 ya kimo daima, na korosho zinaingia kwa mita za ujazo 0.5 kila dakika. Kimo kinapanda kwa kasi gani kikiwa mita 1? Ujazo ni V = ⅓πr²h. Kwa kuwa r = 2h, V = (4/3)πh³. Difrenshieti kwa wakati: dV/dt = 4πh² · dh/dt. Sasa ndipo uweke namba: 0.5 = 4π · dh/dt, kwa hiyo dh/dt ni karibu mita 0.04, yaani sentimeta 4 kwa dakika. Lundo likifika mita 2, kasi inashuka hadi sentimeta 1, ingawa wamwagaji hawajapunguza mwendo, kwa sababu kitako kimepanuka. Aliyewahi kutazama lundo likikua anajua hilo kwa macho.

Anayekosea huwa ameweka h = 1 kabla ya kudifrenshieti. V ikishakuwa namba tupu, derivativu yake ni sifuri, na swali limekufa. Utaratibu ni huu: mlinganyo, herufi moja, difrenshieti, halafu namba. Na andika vizio.

Kama maana ya derivativu bado inakuponyoka, nenda ufukweni Mikindani au Shangani. Maji yakijaa kabisa yanasimama kidogo kabla ya kuanza kupwa: hapo kasi ni sifuri, na ndiyo ncha ya grafu. Yanakwenda kwa nguvu zaidi katikati ya kujaa na kupwa. Kimo cha maji ni sini, kasi yake ni kosini.

Milinganyo ya difrensho (differential equations) ina kosa moja linalokula alama nyingi. Swali linakuja x(dy/dx) + 2y = x², na mwanafunzi anakimbilia kizidisho (integrating factor) e^(2x) kwa sababu ameiona 2. Kanuni inadai dy/dx isimame peke yake. Gawanya kwanza kwa x: dy/dx + (2/x)y = x. Kizidisho ni x². Upande wa kushoto unakuwa derivativu ya x²y, upande wa kulia x³, na y = x²/4 + c/x². Tazama ilipo c. Ukiiongeza mwishoni baada ya kugawanya utapata x²/4 + c, na hilo si jibu, hata kama mistari yote ya juu ni sahihi.

Kikokotoo kiwe kwenye radiani. Jipime: integresheni ya sin x kutoka 0 hadi π lazima itoe 2. Ikitoa 0.086, uko kwenye digrii.

Kuhusu diskasheni: ni nzuri, lakini kila mtu aje na jaribio lake kwenye karatasi. Kukaa ukitazama mwenzako akisolvu ni desa tu, yaani kunakili. Kazi ya kalamu ifanye peke yako, alfajiri kabla joto la pwani halijapanda, daftari likiwa limefungwa.

Karatasi ya kwanza ya Hisabati ya Juu, kwa muundo uliotumika miaka mingi, ina maswali 10 ya alama sawa kwa saa 3. Gawa dakika 16 kwa kila swali, zibaki 20. Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo zoea maneno yake ya maagizo: ukiambiwa utumie jibu la sehemu iliyotangulia, usianze upya kwa njia yako, hata kama ni fupi. Swali likigoma baada ya dakika 16, acha nafasi uendelee, maana hatua ulizoandika zina alama zake. Zile dakika 20 za mwisho usizitumie kutazama tu majibu. Pita ukitafuta vitu vinne: + c, mipaka, alama ya kutoa iliyotangulia mabano, na vizio.