Jibu: Nimepata nafasi ya PhD ya makundi ya galaksi, nisaini?

Usisaini, mkuu. Bandiko lako nimelisoma lote, la maisha ya Cape Town, hela ya kujikimu, hisabati kiasi gani, ajira ukirudi Bongo. Nimekwama pale uliposema utafiti wako mzima unategemea data za SKA, darubini ya redio ambayo bado inajengwa kule Karoo, Afrika Kusini, na profesa amekuhakikishia "ukifika mwaka wa pili data zitakuwa tayari". Maneno hayo hayo nilishaambiwa mimi, nikayaamini, na yamenilia ujana.

Mimi niliingia PhD Ulaya kuisubiri Hitomi, setilaiti ya Japani ya kupima eksirei. Kwa wasiofuatilia: ukitazama picha ya kundi la galaksi unaona galaksi mamia, ila hizo ni sehemu ndogo tu ya uzito wake. Gesi iliyojaa katikati yao, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, inazizidi zote kwa uzito, na ndiyo inayotoa eksirei. Sehemu kubwa kabisa iliyobaki ni maada giza, yaani maada isiyoonekana, ambayo mwanaastronomia Zwicky aliishtukia tangu 1933 alipochunguza kundi la Coma. Sasa sisi hutumia gesi ile kama mizani ya kupimia kundi zima, tukichukulia kwamba imetulia. Kama inachafuka, uzito unaoupata si wenyewe. Hitomi ilikuwa na kifaa kilichopoozwa karibu kabisa na sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, chenye uwezo wa kusoma kasi ya gesi hiyo. Tasnifu yangu ilikuwa orodha ya makundi ya kupima kasi hiyo, kundi moja baada ya jingine.

Ikarushwa Februari 2016. Ikalitazama kundi la Perseus, na majibu yakawa matamu ajabu: gesi inachafuka kwa kasi ya kilomita 164 hivi kwa sekunde, shwari kuliko wengi walivyotegemea. Tarehe 26 Machi ikapotea. Mfumo wake ulidhani setilaiti inazunguka wakati imetulia, ukajitia kuirekebisha, ukaizungusha kweli kweli hadi ikavunjika vipande. Orodha yangu ikabaki orodha. Na hiyo Perseus yenyewe iliandikwa na jopo kubwa la watu, si ya mwanafunzi kuja kuifanya sura ya kwanza.

Setilaiti kufa ni kawaida, hapo sina kinyongo. Kinyongo changu ni kwa msimamizi, maana historia aliijua vizuri. Kifaa cha aina ile kilishakwama mara mbili kabla: mwaka 2000 roketi ilishindwa kuifikisha setilaiti ya ASTRO-E kwenye obiti, na 2005 mrithi wake, Suzaku, ilifika salama lakini heliamu ya kupooza kifaa ikaisha ndani ya wiki chache, kabla hakijafanya kazi ya maana. Yeye alikuwa kazini miaka yote hiyo! Ila ana ajira ya kudumu, roketi ikianguka mshahara unaingia. Ufadhili wangu ulikuwa na tarehe ya kufa. Nilipomwendea akasema "ndivyo sayansi ilivyo", akaenda kunywa kahawa. Nyumbani nako mama anawaambia majirani mwanangu anasubiri setilaiti, wanamuuliza kwani king'amuzi hakijalipiwa?

Mbadala wa Hitomi, XRISM, ilirushwa Septemba 2023. Piga hesabu ningekuwa na umri gani. Na hata hiyo kuna mlango wa kifaa umegoma kufunguka, kwa hiyo eksirei za nishati ya chini haizipati.

Kilichonipa cheti ni data za Chandra na XMM-Newton, darubini za eksirei zilizorushwa angani 1999, zimelala kwenye hifadhi za wazi, unapakua bure hata ukiwa Mbeya. Ningeanza nazo siku ya kwanza saa hizi ningekuwa naandika mengine kabisa.

Usianze PhD kwa data ambayo haijalala kwenye diski. Data mpya ikija, iwe sura ya nyongeza. Hapo hapo Karoo darubini ya redio ya MeerKAT na madishi yake 64 inafanya kazi tangu 2018, na utafiti wake wa makundi 115 uko hadharani. eROSITA, darubini ya eksirei ya Wajerumani iliyo kwenye chombo cha Warusi, ilitoa orodha ya makundi zaidi ya 12,000 mwanzoni mwa 2024. Nayo ilizimwa Februari 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, kwa hiyo aliyepanga tasnifu yake kwa anga ambalo lilikuwa bado halijapigwa picha tulikutana naye kwenye foleni ya wenye machozi.

Ajira na hela ya kujikimu nilitaka kuyagusa, ila wadau wengine watakusaidia. Hisabati usihofu, jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Kesho mwandikie huyo profesa: siku ya kwanza ofisini nafungua faili gani? Akikujibu kwa tarehe, rudi hapa kabla hujakata tiketi.